Beji Namba Tatu

Ofisi ya Hati na Mashauri,
Kakamega.
22 Februari 1965

Kwako Mama Mideva,

Mimi mzima, chakula napata, na kazi nimeianza. Hizo ndizo salamu. Sasa nikwambie jinsi hasira ilivyonikaba.

Jumamosi nilipita soko la Lubao nikanunua njugu. Kufungua karatasi, nakuta imepigwa taipu. Kusoma, nakuta ni ushahidi wa mama mmoja aliyepigwa na shemeji yake: jina lake, kijiji chake, mahali alipoumizwa, yote. Na juu kabisa, muhuri wa ofisi yetu! Muuza njugu akaniambia bila aibu, "Hizi karatasi watu wa ofisi wanatuletea kila wiki, mzee. Ni nzuri, haipasuki." Sikuzila zile njugu. Niliondoka nazo mfukoni.

Ndiyo hali niliyoikuta, Mama Mideva. Mzungu aliyekuwa akisimamia ulinzi hapa alirudi kwao akatuachia kufuli moja na mbwa mmoja mzee. Ofisi ya mawakili wa Serikali, inayoweka hati za mashamba na siri za watu, imekuwa kama njia ya ng'ombe. Muuza ndizi anapita katikati ya mafaili. Makarani wanapokea shemeji zao mezani. Tumepata Uhuru ili tufunge njugu kwa siri za watu wetu wenyewe?

Nimeandika mpango wa ulinzi, na Bwana Sifuna, mkuu wa ofisi, ameupitisha wote. Kila mfanyakazi atavaa beji ya duara yenye namba na sahihi yangu. Hakuna mgeni atakayevuka mlango bila kibali chenye sahihi yangu. Kila anayeingia ataandikwa katika daftari la mlangoni: jina, saa na shauri lililomleta. Kurasa za daftari hilo nimezitia namba kwa mkono wangu, na likikosa ukurasa hata mmoja litapelekwa Nairobi kuchunguzwa. Karatasi za kaboni zinazotoka kwenye mashine za taipu, ambazo ukiziangalia vizuri unasoma kila kitu kilichoandikwa, nitazichoma mwenyewe kila siku saa kumi. Na barua za wafanyakazi, zinazotoka na zinazoingia, zitasomwa kwanza. Zangu zinasomwa na msaidizi wangu, Joash. Sijajitenga.

Umeniomba kaboni za Mideva za kunakili ramani ya Afrika. Haiwezekani. Mwambie achore kwa macho, kama sisi tulivyofanya.

Jambo moja ndilo msingi wa yote: mlinzi hasomi. Karatasi nyingi zitapita mikononi mwangu kwenda motoni, na sitasoma hata mstari. Nimekula kiapo.

Mvua ikinyesha usisubiri nije. Panda.

Mimi mumeo,
Philemon Kegode,
Msimamizi wa Ulinzi


Shamba Nambari 41,
Lugari.
7 Machi 1965

Baba Mideva,

Kwanza nimsalimu Joash. Joash, hujambo? Mimi ni mke wa mkubwa wako. Nilitaka kumwandikia mume wangu habari ya mgongo wangu na mahali panaponiuma, lakini kwa kuwa na wewe umo humu, nitasema tu kwamba unaniuma. Msalimie mama yako.

Philemon, una akili kweli? Miaka kumi na mbili tumeoana, leo nikuandikie kama ninayeandika kwa chifu! Umekasirika kwa sababu ya mama wa njugu kusomwa na watu, na mimi je?

Haya. Tumepanda robo tatu ya shamba. Ng'ombe mweusi amezaa ndume. Mideva amechora Afrika kwa macho, ikatokea kama kiazi, na mwalimu amemcheka. Hizo ni habari nyepesi.

Nzito ni hii. Jumanne walikuja wanaume wanne na mnyororo wa kupimia, na vigingi vya mbao vyenye rangi nyekundu. Hawakusalimu. Mmoja akanikuta nikipanda akauliza, "Mama, mwenye hii shamba anaishinga wapi?" Nikamwambia, "Mwenye shamba ndiyo mimi unaniona." Akacheka. "Mwenye jina, mama. Mzee." Nikasema mzee anafanyanga kazi ya Serikali Kakamega. Akaandika, halafu wakapiga kigingi chekundu kwenye kona ya chini, palepale nilipomwaga mbegu. Wakakanyaga mistari miwili wakiondoka.

Nimezunguka kuuliza. Nanjala, ambaye mumewe yuko reli Nakuru, amepigiwa kigingi. Sellah, ambaye mumewe anachuma chai Kericho, amepigiwa. Lakini jirani yetu wa huku juu, ambaye mumewe yuko nyumbani akinywa busaa toka Januari hadi Desemba, hakuna aliyemgusa. Nimehesabu viwanja kumi na kimoja, na vyote ni vya wanawake wanaolima peke yao kwa sababu wanaume wametoka kutafuta.

Shamba hili tulilipata kwa kupanga foleni siku tatu, wewe unajua. Nimeng'oa visiki vya Mzungu aliyekuwa na shamba hili kwa mikono hii. Wewe uko katika ofisi ya sheria. Hati za mashamba ziko humo humo unamolinda. Uliza tu: vile vigingi vyekundu ni vya nini?

Mkeo,
Navalayo


Ofisi ya Hati na Mashauri,
Kakamega.
15 Machi 1965

Mama Mideva,

Barua imefika. Joash amekushukuru kwa salamu, ila ameona haya hata kuniangalia usoni.

Nimeshangaa. Unamwambia mtu usiyemjua mahali mumeo anapofanya kazi! Mimi kila siku nawafundisha makarani hapa: mgeni akikuuliza neno, muulize kwanza yeye ni nani na ametumwa na nani. Kumbe nyumbani kwangu mlango uko wazi.

Vigingi ni vya barabara. Serikali inapima barabara kila mahali siku hizi. Kuhusu kuuliza, hilo siwezi. Mimi nalinda mlango, siingii ndani ya maneno. Msimamizi wa ulinzi akianza kuchungulia faili za shamba lake mwenyewe, basi na karani atachungulia la shemeji yake, na tutarudi kwenye njugu. Tafadhali usiniombe tena.

Kazi inakwenda vizuri sana. Wiki jana mama mmoja alifika na mwavuli wa manjano, akataka kupita bila kusimama. Nikamzuia. Akanitazama kama anayetazama nzi. "Wewe unajua mimi ni nani?" Nikamjibu kwa adabu, "Mama, ndiyo sababu kuna daftari, ili tujue." Kumbe ni mke wa Bwana Sifuna! Bwana Sifuna akatoka, akacheka, akanipiga begani mbele ya makarani akasema, "Ningekuwa na watu kumi kama wewe, nchi hii ingenyooka." Akaniagiza nimpe mama beji ya kudumu, kwa kuwa ana shughuli nyingi hapa. Nikampa namba 3.

Kwa nini mwenzangu hufurahi? Mtoto wa mchunga mbuzi kutoka Maragoli leo anamsimamisha mke wa mkubwa mlangoni, na mkubwa anamsifu.

Palilia mapema.

Philemon Kegode,
Msimamizi wa Ulinzi


Shamba Nambari 41,
Lugari.
4 Aprili 1965

Philemon,

Leo Joash simsalimu. Leo asome tu.

Jana mchana gari jeusi lilisimama kwenye mti wa mpaka. Akashuka mwanamume mwenye makaratasi, na nyuma yake mwanamke mnene wa viatu virefu. Alikuwa na mwavuli wa manjano. Nilikuwa napalilia. Hakuniambia hujambo. Alipita katikati ya mahindi yangu akihesabu hatua zake kwa sauti, moja mpaka sabini, kisha akasimama karibu na kisima nilichochimba na kaka zangu. Akamwambia yule mwanamume, "Nyumba itakaa hapa. Hii ya nyasi itabomolewa." Hii ya nyasi ni nyumba yangu, Philemon! Mideva alikuwa mlangoni anasikia.

Nikamwuliza, "Mama, umepotea?" Ndipo akaniona. Akamwuliza yule bwana, sio mimi, "Hii mahindi yake itatoka lini?" Kana kwamba mimi ni ng'ombe anayekula shambani kwake.

Nikamkaribia. Sikumgusa, usiogope. Nilitaka tu kumwona vizuri. Na unajua niliona nini kifuani pake? Beji. Ya duara. Namba 3. Na chini yake sahihi yako, ile K yenye mkia mrefu kama ulivyoiandika kwenye cheti chetu cha ndoa.

Ulinikataza kumwambia mgeni mahali unapofanya kazi. Mgeni amekuja amekuvaa kifuani.

Nimelia, sitaficha. Nililia mbele ya Nanjala na Sellah, na wao wakalia, halafu tukakasirika sana kiasi cha kuacha kulia. Nakuuliza kwa mara ya mwisho kama mkeo: unajua nini? Kama unajua na unanificha, basi wewe si mlinzi, wewe ni kufuli tu, na ufunguo wako uko mfukoni mwa Sifuna. Na kama hujui, umekaa mlangoni pa nini?

Usiniandikie kuhusu barabara. Barabara haina haja ya kisima.

Navalayo


Ofisi ya Hati na Mashauri,
Kakamega.
9 Aprili 1965

Mama Mideva,

Barua yako nimeipata. Mambo ya beji hayajadiliwi kwa barua. Likizo ya Pasaka imefutwa kwa walinzi wote, kwa hiyo sitakuja. Endelea na palizi. Msalimie Mideva.

P. Kegode,
Msimamizi wa Ulinzi


Kakamega.
10 Aprili 1965
Kwa mkono wa Kipkemboi, dereva wa lori la mahindi

Navalayo wangu,

Hiyo ya jana itupe motoni. Niliiandika ili isomwe. Hii haikupita kwa Joash, na ndiyo kanuni yangu ya kwanza kuivunja kwa mkono wangu mwenyewe. Nakuandikia nikiwa kwenye kiti cha kinyozi, na Kipkemboi anasubiri nje injini ikinguruma.

Nimesoma. Alhamisi saa kumi nilikuwa na gunia la kaboni mbele ya pipa la moto. Barua yako ilikuwa mfukoni. Nikachukua moja nikaielekeza kwenye jua. Ya kwanza ilikuwa habari ya ng'ombe wa Bukura. Ya pili, habari ya daraja. Ya tano ndiyo yetu.

Sikiliza vizuri. Kuna Kamati ya Viwanja inayokutana katika ofisi hii. Sheria ya mpango wa makazi inasema mwenye kiwanja lazima aishi hapo na kulima. Anayeishi mbali, yeye au mtu wa nyumba yake anapaswa kufika mbele ya Kamati siku iliyotangazwa ajieleze. Asipofika mtu, jina linafutwa siku hiyo hiyo na kiwanja kinapewa mwingine. Siku iliyotangazwa ni Alhamisi, 29 Aprili, saa nne. Viwanja ni kumi na kimoja, vyote vya vigingi vyekundu. Majina ya watakaopewa tayari yamepigwa taipu. Kwenye 41 limeandikwa jina la mke wa Sifuna.

Unauliza tangazo liko wapi. Limebandikwa, Navalayo! Limebandikwa kisheria kabisa, ukutani, kwenye ukumbi wa ndani. Hakuna raia anayeweza kulisoma kwa sababu hakuna raia anayevuka mlango bila kibali changu. Walikuwa hawawezi kufanya haya wakati muuza ndizi anapita ovyo. Angeliona na Lugari nzima ingejua kabla ya jioni. Mimi ndiye niliyewajengea ukuta wa kujificha, nikapigwa begani nikafurahi.

Na kuna zaidi. Kaboni ile ilisema "Tangazo la Tatu". La kwanza na la pili niliyachoma mwenyewe, Februari na Machi, nikijisifu kwamba mlinzi hasomi. Nilikujibu habari ya barabara mkono wangu ukinuka moshi wa shamba letu. Na mimi ndiye wanayemwita asiyeishi shambani! Kwa kuwa nipo hapa nawalindia mlango, nimekosa sifa ya kuwa na shamba. Sijawahi kukasirika hivi tangu nizaliwe, na sehemu kubwa ya hasira hiyo ni yangu mwenyewe.

Ile kaboni sikukuletea. Niliichoma. Karatasi ya Serikali siibi. Lakini nilichosoma hakichomeki, na sasa unakijua.

Ndani ya bahasha hii kuna vibali kumi na kimoja. Vina muhuri na sahihi yangu, na si vya uongo. Kanuni ya pili ya mpango wangu, iliyopitishwa na Sifuna mwenyewe, inasema kibali hutolewa kwa mtu yeyote ambaye shauri lake linasikilizwa siku hiyo. Jaza majina. Wewe, Nanjala, Sellah na wale wengine. Mfike saa tatu na nusu. Msipige kelele, msitukane mtu. Mkifika mlangoni nitawauliza jina, kiwanja na shauri, kama nisiyewajua, na mtajibu moja baada ya jingine, polepole, mpaka niandike.

Nisamehe ikiwa unaweza.

Philemon


Lugari.
19 Aprili 1965
Kwa mkono wa Kipkemboi

Baba Mideva,

Umechoma mara mbili. Hilo sijalisamehe na sitadanganya kwa kuwa ni Pasaka.

Tutakuja watu kumi na mmoja. Nanjala aliogopa, akasema wanawake hawasikilizwi kwenye kamati. Nikamwambia hatuendi kusikilizwa, tunaenda kuonekana. Sellah ameazima viatu. Beldina wa kiwanja cha 38 ana mtoto wa wiki tatu, atakuja naye mgongoni. Kipkemboi atatubeba juu ya magunia, na amekataa tumlipe.

Nimesoma barua yako mara nne nikitafuta jambo moja sikulipata. Siku hiyo Sifuna akitoka akakuamuru utufukuze, utasimama upande gani wa mlango? Usinijibu kwa barua. Nitaona.

Navalayo


Ofisi ya Hati na Mashauri,
Kakamega.
4 Mei 1965

Kwa Bw. Philemon Kegode,

KUFUKUZWA KAZI

Kutokana na mwenendo wako wa tarehe 29 Aprili, unaarifiwa kwamba kazi yako katika ofisi hii imekwisha leo.

Siku hiyo uliwaruhusu wanawake kumi na mmoja na mtoto mchanga kuingia ndani ya jengo. Nilipokuamuru mbele ya watu uwatoe, ulijibu kwamba vibali vyao ni halali na ukaendelea kuandika. Uliandika kila mmoja jina, nambari ya kiwanja na saa aliyofika, kazi iliyochukua dakika arobaini, na ukaizuia Kamati isifungue kikao kabla hujamaliza, kwa kisingizio cha kanuni zako. Ulimlazimisha hata mke wangu, mwenye beji ya kudumu, kueleza katika daftari shauri lililomleta. Yeye, kwa kukasirishwa, aliandika "kutazama shamba langu", maneno ambayo mwenyekiti wa Kamati aliyasoma kwa sauti.

Kwa ajili hiyo Kamati haikuweza kuandika kwamba hakuna aliyefika, kama ilivyokuwa imetayarishwa, na shauri limeahirishwa hadi 30 Juni.

Tarehe 30 Aprili nilikuagiza uondoe ukurasa wa 58 wa daftari. Ulikataa. Siku iliyofuata, bila idhini yangu, ulilituma daftari zima Nairobi kwa posta ya rejista, ukidai kwamba mtu alijaribu kulipunguza ukurasa. Huo ni utovu wa nidhamu usiovumilika.

Rudisha beji, funguo na muhuri kwa Bw. Joash. Nyumba ya Serikali uihame kabla ya tarehe 8, na urudi kwenye makao yako ya kudumu, yaani Shamba Nambari 41, Lugari.

G. Sifuna,
Mkuu wa Ofisi


Kakamega.
6 Mei 1965

Mama Mideva,

Nimefukuzwa. Barua yao nakuwekea humu uisome mwenyewe, maana mimi nikiisoma tena nitarudi pale nifanye jambo la kijinga.

Beji nimemkabidhi Joash. Aliipokea kwa mikono miwili kama anayepokea maiti. Nilipompa barua hii aisome kabla ya posta, kama kanuni inavyotaka, aliisukuma, akasema, "Mzee, hii sifungui. Wakitaka wanifukuze na mimi." Nikamwambia asiwe mjinga, ana watoto. Amelamba bahasha mwenyewe akaifunga.

Nina hasira na nina aibu, sijui ipi inatangulia. Mtu anafukuzwa kwa wizi, au kwa ulevi. Mimi nimefukuzwa kwa sababu mlango nilioweka ulifanya kazi yake siku moja. Wanasema nimewasaliti. Nilimwambia Sifuna usoni, makarani wakisikia, kwamba siri ya mama wa njugu ni siri, lakini wizi wa mchana si siri ya Serikali hata ukipigwa muhuri mia. Sauti yangu ilikatika katikati. Ningependa isingekatika.

Sasa wasiwasi wangu ni huu. Tarehe 30 Juni Kamati itauliza tena kama mwenye 41 anaishi shambani. Nikija leo, Sifuna atasema nimejificha huko kwa muda, kwamba kwangu hasa ni Kakamega, na atakuwa na mashahidi. Mimi sina karatasi yoyote ya kuonyesha. Nilizoweza kuwa nazo nilizichoma.

Nitafika Jumamosi ya tarehe 15, kwa kuwa nahama tarehe 8 na nitalala kwa kinyozi nikisubiri lori. Ukinikatalia nitaelewa.

Philemon


Shamba Nambari 41,
Lugari.
10 Mei 1965

Baba Mideva,

Lori la Kipkemboi liko Kakamega Jumatano. Panda hiyo. Ya kungoja Jumamosi ni ya nini?

Nilikuuliza utasimama upande gani. Niliona. Sifuna alipokuwa anapiga kelele juu ya kichwa chako, wewe ulikuwa umeinamia daftari ukiniuliza, "Jina lako, mama?" Nikakujibu, "Navalayo, mke wa Philemon Kegode, kiwanja cha 41, saa tatu na dakika thelathini na tano." Ukaandika bila kunitazama, na K yako haikutetemeka mkia. Kwa hilo nimekusamehe kaboni moja. Ya pili tutaizungumza nyumbani bila Joash.

Sasa kuhusu karatasi. Umelinda karatasi miezi yote hii na bado hujui kuzisoma! Soma mstari wa mwisho wa barua uliyonitumia. "Makao yako ya kudumu, yaani Shamba Nambari 41, Lugari." Imepigwa taipu kwenye karatasi ya Serikali, na chini yake sahihi ya George Sifuna mwenyewe. Mtu yuleyule anayetaka kuapa kwamba huishi hapa ameandika kwa mkono wake kwamba hapa ndipo unapoishi, na kwamba huna pengine. Hasira ilimziba macho. Niliisoma mbele ya Nanjala na Sellah, na Sellah alicheka mpaka akakaa chini. Nanjala amemwandikia mumewe Nakuru achague, reli au shamba, na amemwambia aje kabla ya Juni kwisha.

Hiyo barua nimeifunga kwenye nailoni nikaitia ndani ya mtungi wa mbegu. Tarehe 30 Juni tutaingia nayo wote wawili, na wewe utavaa koti.

Kigingi chekundu bado kiko kwenye kona ya chini. Wote walitaka nikichome, nikakataa, nikasema kuna mtu anayekuja ambaye amekula kiapo cha kuchoma vitu vya Serikali saa kumi. Kuni ziko tayari, na kiberiti kiko kwa Mideva.

Mkeo,
Navalayo